Konokono Ndani ya Kopo la Ugoro

Zilikuwa zimebaki siku sita kufika Jumatatu ya kambakochi, siku uvuvi wake unapofunguliwa, na kisiwani Tångerö hapakuwa na mtu mwenye mazungumzo mengine. Magati yalijaa madema ya kutegea yaliyopangwa hadi usawa wa kifua, maboya yalipakwa rangi upya, na wanaume ambao mwaka mzima hawasemi zaidi ya "eeh" na "haya" walisimama wakibishana juu ya chambo mpaka kahawa ikawapoea mikononi. Sheria inasema dema la kwanza lisitumbukizwe kabla ya saa moja asubuhi, Jumatatu ya kwanza baada ya tarehe ishirini Septemba. Krismasi yenyewe haiheshimiwi hivyo.

Gunvor Hallgren hakuwa na habari na hayo yote, au ndivyo alivyotaka watu waamini. Alikuwa jikoni kwake, juu ya kilima nyuma ya gati, amevuta pazia la dirisha linalotazama bahari. Hulivuta kila mwaka majira hayo yakikaribia, na hulifungua siku madema yakishazama. Alikuwa na miaka sabini na sita, mjane wa mwaka wa kumi na saba, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa na ulimi ambao majirani walikuwa wameuzoea pamoja na upepo wa magharibi.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Tuva aliacha mabuti yake ya mpira kizingitini, akaingia na soksi, akajimiminia kahawa mwenyewe. Alikuwa mtafiti wa kituo cha bahari kilicho ng'ambo ya mkondo, binti wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa misitu ya bara, aliyefika miaka minne nyuma bila kujua hata kufunga kamba ya mashua. Gunvor ndiye aliyemfundisha. Kituoni pale Gunvor alikuwa fundi wa maabara kwa miaka thelathini na mmoja, na kustaafu hakukumzuia kuwasahihisha watu.

"Nimekuja kukuuliza kitu," Tuva alisema. "Na usinikasirikie."

"Uliza kwanza. Hasira nitaamua mwenyewe."

"Ni habari ya mwamba wa Gråskallen."

Gunvor akasukuma sahani ya maandazi ya mdalasini katikati ya meza, ingawa ilikuwa katikati tayari.

"Konokono wa pale wamekuwa wadogo," Tuva aliendelea. "Gamba jepesi, mdomo mpana. Ukiwachanganya na wa mwamba wa Sälen hata wewe huwezi kuwatenganisha."

"Mimi naweza."

"Haya, wewe unaweza. Lakini nikiandika kwamba wamebadilika wenyewe, kwa miaka thelathini na mmoja tu, swali la kwanza nitakaloulizwa ni kama kuna mtu aliyepeleka wengine kutoka nje. Daktari Rutger aliyeanzisha jaribio amekufa. Umebaki wewe. Majibu ya vinasaba yatakuja Ijumaa, ila nilitaka nisikie kwa mtu kabla sijasikia kwa mashine. Kuna mtu aliwahi kupeleka konokono wengine Gråskallen?"

Gunvor alikunywa kahawa yake hadi mashapo.

"Sijui," alisema.

Tuva alishangaa, kwa sababu katika miaka minne hakuwahi kumsikia mama huyu akilitamka neno hilo. Lakini alikuwa na adabu. Alisema kesho kutwa anakwenda kule mwambani, kama Gunvor angependa kupanda mashua waende pamoja. Akala andazi la pili, akaenda zake.

Gunvor alikaa pale pale. Kwenye rafu ya juu, nyuma ya makopo ya jemu, kulikuwa na kopo moja dogo la ugoro, la duara, lililochubuka rangi. Hakuinuka kulitazama. Alijua liko wapi.

Asiyewajua konokono wa pwani ile atadhani ni mataifa mawili. Wale wa ghubani, penye maji matulivu, ni wakubwa, wana gamba nene na mdomo mwembamba, kwa kuwa ghubani kuna kaa, na kaa huvunja kila kinachovunjika. Wale wa miamba ya nje ni wadogo kama punje ya mbaazi. Gamba lao jepesi, mdomo wao mpana ili mguu uenee juu ya jiwe na kulishika. Huko nje kaa hawakai, adui ni wimbi. Na hawa viumbe si wasafiri hata kidogo. Hawatagi mayai yakachukuliwa na maji. Huzaa watoto waliokwisha kuvaa magamba, na wengi hufia hatua chache kutoka pale walipozaliwa. Kwa hilo Gunvor aliwaona ni sawasawa na watu wa Tångerö.

Kisha kikaja kile kiangazi cha mwani wa sumu. Bahari ilibadilika rangi, samaki wakaelea matumbo juu, na kwenye miamba midogo ya nje hakubaki konokono hata mmoja. Gråskallen, ambao waliuita hivyo kwa kuwa unafanana na kipara cha mzee, ulikuwa mtupu kabisa. Miaka minne ilipita, bado mtupu. Ndipo Daktari Rutger, mtu mwembamba aliyekuwa akivaa tai hata kwenye mashua, akapata wazo lake. Tuchukue konokono wa ghuba ya Kvarnviken, alisema, wale wanene wa kaa, tuwaweke Gråskallen penye mawimbi na pasipo na kaa. Tuone kama watabaki watu wa ghubani au mahali patawageuza.

Gunvor ndiye aliyewahesabu. Walikuwa mia sita na arobaini, kwenye ndoo moja ya plastiki ya rangi ya chungwa. Injini ya mashua ya kituo ilikuwa imekufa asubuhi ile, basi akamwita mumewe, Helge, awapeleke yeye na Rutger kwa mashua yake ya uvuvi. Ah, siku ile. Bahari ilikuwa imelala kama shuka. Gunvor alikuwa na miaka arobaini na mitano, magoti yake yalikuwa bado ni magoti, na Helge alikuwa usukanini na ugoro wake chini ya mdomo wa juu, akiimba vibaya.

"Mnawahamisha watu bila kuwauliza," Helge alisema walipofika, akiishika ndoo ili Gunvor aruke.

"Watazoea," Gunvor alisema.

"Ndivyo mama yako alivyoniambia nilipokuoa."

Waliwamwaga taratibu kwenye nyufa, mmoja mmoja, kama mtu anayepanda mbegu. Halafu wakakaa watatu juu ya kipara kile cha jiwe, wakala mkate na uduvi wa kuchemsha, wakitupa maganda majini. Kabla ya kuondoka, Rutger alimgeukia Helge. Kila vuli Helge alikuwa akianika madema yake kwenye mwamba wa Sälen, wa nje kabisa, na konokono wadogo wa kule hung'ang'ania mbao za madema.

"Helge, madema yako yasiguse hapa," Rutger alisema. "Hata moja. Konokono wa Sälen akishuka hapa na kuzaa, kazi yote imekwisha."

"Sitagusa," Helge alisema, akampa mkono. Katika kisiwa kile mkono ukishatolewa jambo limekwisha.

Siku hizo Gunvor na Helge walikuwa na desturi yao ya Jumatatu ya kambakochi. Waliondoka pamoja giza likianza kuvunjika. Saa ilipofika Helge alisukuma dema la kwanza, na Gunvor akatupa boya lake. Boya hilo liliandikwa HELGE HALLGREN kwa herufi kubwa, kama sheria inavyotaka, na chini yake herufi moja ndogo, G, ambayo hakuna sheria iliyoitaka. Kisha walikunywa kahawa ya chupa, wamefunikwa blanketi moja, wakingoja jua. Hawakuwa wakisemeshana sana. Gunvor hajawahi kuwa na furaha nyingine ya namna ile.

Mwaka wa saba wa Gråskallen, mwezi wa Agosti, Gunvor alikwenda peke yake kuhesabu, na kwenye ufa wa upande wa magharibi akamwona. Alikuwa konokono mmoja, mdogo, mwenye mdomo mpana. Aliuchungulia mdomo ule kwa lenzi. Hapana mtu katika nchi nzima aliyeijua midomo ya konokono kama yeye. Mdomo ule ulikuwa wa Sälen. Na hatua mbili kutoka pale, kwenye ufa huo huo, kulikuwa na kipande cha kamba ya buluu, ya namna ambayo Helge alifungia madema yake.

Alimngoja Helge mezani. Alipoingia akamwekea konokono mbele ya sahani.

"Uliweka madema Gråskallen?"

"Sikuweka."

"Huyu ametokea wapi?"

"Nitajuaje mimi? Wewe ndiye mtu wa konokono."

"Huyu ni wa Sälen. Na kamba yako nimeikuta imenasa pale pale."

"Kamba huelea, Gunvor. Bahari nzima ina kamba zangu."

"Usinidanganye machoni."

Helge aliuweka uma chini. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Mbinye basi," alisema. "Si ndivyo unavyowafundisha wanafunzi wako? Wa nje akibinywa kwa kucha anavunjika, wa ghubani havunjiki. Mbinye tujue."

Gunvor hakumbinya. Alikuwa na hakika, na mtu mwenye hakika hapimi. Alimtia konokono yule katika kopo la ugoro lililokuwa tupu juu ya meza, akalifunga, akaliweka rafuni. Kwenye daftari la kituo hakumwandika. Kama angemwandika Rutger angejua, na Helge angeonekana mtu asiyeshika mkono alioutoa. Kwa hiyo alimficha, na kuficha huko alikuhesabu kuwa wema mkubwa aliomtendea mumewe, wema ambao Helge hakuwahi kumshukuru kwao. Aliomba apewe kazi ya ndani. Konokono wa Gråskallen wakawa wanahesabiwa na wengine, na kila taarifa iliposema wanazidi kuwa wadogo, Gunvor alijiambia kwamba hao ni watoto wa wale wa Helge.

Septemba ile Helge alisimama mlangoni na koti lake la mvua. "Unakuja?" Gunvor akasema kichwa kinamuuma. Helge akaenda na jirani yao, Börje. Mwaka uliofuata alisimama tena mlangoni, akangoja kidogo, hakuuliza. Waliishi hivyo, chumba kimoja, meza moja, na kile kitu kati yao. Miaka saba. Mwezi mmoja wa Machi, Helge akipaka maboya rangi bandani, moyo wake ukasimama.

Siku ya safari na Tuva ilipofika, Gunvor aliteremka gatini na mabuti yake ya zamani. Börje alikuwa ameketi juu ya kreti, akishona mdomo wa dema. Alikuwa na miaka themanini, na masikio ambayo yalisikia alichotaka tu.

"Heh, profesa wa konokono amerudi kazini," alisema. "Wamekuongeza mshahara?"

"Shona dema lako. Tundu hilo hata wewe unapita."

"Jumatatu njoo unisaidie madema basi, kama una nguvu za maneno hivyo."

Kila mwaka Börje alimwalika kwa mzaha huo huo, na kila mwaka Gunvor alipita zake. Alipanda mashua ya kituo, Tuva akawasha injini.

Gråskallen haukuwa umebadilika. Upepo ulikuwa wa wastani, na mawimbi yalipanda upande wa magharibi yakashuka meupe. Gunvor alipiga magoti, nayo yakalalamika, akatia kidole katika ufa ule ule. Walikuwa wamejaa humo, wadogo, mia kwa mia, wameshika jiwe kwa nguvu zao zote. Aliwatazama kwa muda mrefu, naye akajisikia mzee mno.

"Nilikudanganya," alisema bila kugeuka. "Nilisema sijui. Najua."

Tuva akachuchumaa kando yake.

"Ni Helge. Aliweka madema hapa, mwaka wa saba. Walikuja juu ya mbao. Nilimwona mmoja kwa macho yangu, wa Sälen kabisa, na kamba ya Helge kando yake. Sikuandika."

"Kwa nini hukuandika?"

"Alikuwa mume wangu."

Wimbi lilipiga, likawalowesha mabuti. Tuva hakusema kwamba miaka minne ya kazi yake imekwenda na maji, ingawa ndicho alichokuwa akikifikiri, na Gunvor alimwona akikifikiri.

"Yeye mwenyewe alisemaje?" Tuva aliuliza.

"Alikana."

"Na huyo konokono?"

"Yuko nyumbani. Kwenye kopo la ugoro."

"Umemweka miaka ishirini na minne?"

"Hali chakula," Gunvor alisema.

Ijumaa, jua likiwa linaelekea kuzama, Tuva alikuja na karatasi zake. Safari hii aliingia na mabuti yake, akasahau kuyavua, na Gunvor hakumkemea. Alijua kuna jambo.

"Hakuna mgeni," Tuva alisema kabla hajaketi. "Nimewapima wa Kvarnviken, wa Sälen na wa Gråskallen, na nimerudia hesabu mara mbili kwa sababu ya maneno yako. Wote wa Gråskallen ni vizazi vya wale wa ndoo yako. Hakuna damu ya Sälen pale. Hata tone."

"Wamekuwaje wadogo basi?"

"Walikuja nao udogo wao. Katika wale mia sita na arobaini wachache walibeba asili ya gamba jepesi, wengine asili ya mdomo mpana, kidogo huyu, kidogo yule, imejificha. Ghubani aliyezaliwa na asili hizo nyingi, kaa walimla. Gråskallen kaa hakuna. Kila mwaka wimbi liliondoa wasioweza kushika, na waliobaki wakaoana. Hakuna aliyebadilika, Gunvor. Walichaguliwa."

Gunvor aliushika ukingo wa meza. Lakini alikuwa fundi wa maabara kabla ya kuwa mjane, na kichwa chake hakikukubali kupewa raha bure.

"Hiyo haitoshi," alisema. "Wa Helge huenda alikuwa mmoja tu, nikamwondoa mimi kabla hajazaa. Karatasi zako haziwezi kumwona."

"Haziwezi," Tuva alikubali. "Niletee kopo."

Gunvor alipanda juu ya kigoda, akasogeza jemu, akaliteremsha. Kifuniko kilikuwa kimeshika kutu, ikabidi wakifungue kwa kisu cha siagi. Harufu ya ugoro wa Helge ilitoka, hafifu, baada ya miaka yote hiyo, na Gunvor akaivuta mpaka ilipokwisha. Konokono alikuwa palepale chini, mkavu, wa kijivu. Tuva alimweka kwenye kiganja, akamgeuza chini ya taa.

"Mdomo ni wa nje kweli," alisema. "Ungemdanganya yeyote." Halafu akamnyooshea. "Wewe mbinye."

Gunvor alimchukua kati ya kucha za vidole gumba viwili, kama alivyowaonyesha wanafunzi kizazi baada ya kizazi. Magamba ya Sälen huvunjika kama ganda la yai. Alibinya. Akabinya tena, kwa nguvu zote za mikono yake mikubwa, mpaka kucha zikawa nyeupe.

Havunjiki.

"Gamba la ghubani," Tuva alisema taratibu. "Mdomo wa nje, gamba la ghubani. Sälen hajawahi kuwepo wa namna hiyo. Huyu alizaliwa Gråskallen. Kizazi chake kilikuwa bado njiani." Kisha akashindwa kujizuia, kijana ni kijana. "Mwaka wa saba, Gunvor. Rutger alikuwa anatarajia labda miaka hamsini. Huyu alikuwa wa kwanza. Ungemwandika siku ile, dunia nzima ingejua..."

"Dunia si kitu," Gunvor alisema. "Helge alisubiri miaka saba."

Akalia. Hakulia siku ya mazishi, na watu walimsifu kwa hilo. Sasa alilia mezani kwake mbele ya mgeni, machozi yakidondoka juu ya karatasi za vinasaba, na Tuva alizivuta pembeni taratibu, akasogeza kiti chake karibu.

Jumamosi asubuhi Gunvor alikwenda bandani kwa Börje, akamwambia yote, kuanzia kamba hadi gamba. Börje alisikiliza bila kuacha kushona. Gunvor alipomaliza, mzee akakata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo ndiyo maana," alisema.

"Maana ya nini?"

"Kule kuzungushwa. Toka hapa kwenda sehemu yetu ya madema, njia ni kupita kando ya Gråskallen. Dakika kumi. Mwaka ule tulipoanza kwenda wawili, Helge akapiga kona kubwa huko kusini. Nusu saa, Gunvor, kila Jumatatu, wenzetu wakiwa wameshafika. Nikamwambia, wewe mwanamume, tumekuja kuvua au kutalii? Akasema, Gunvor yuko dirishani. Nataka aone kwamba siukaribii."

Gunvor alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya rundo la kamba.

"Mimi nilikuwa nimefunga pazia," alisema.

"Tulikuwa tunaliona."

"Alikuwa analiona?"

"Pazia lenye maua mekundu? Linaonekana hadi Norwe, bibi wewe." Börje aliinama kutafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwepo. "Kila mwaka alilitazama. Halafu alisema, mwakani labda. Akashika usukani. Tangu afe mimi nakata moja kwa moja, sitakuficha. Mafuta ni mafuta."

Gunvor alitazama ukutani, ambapo maboya ya zamani yalining'inia yamefunikwa na vumbi. La Helge, ambalo Börje alilihifadhi, lilikuwa la tatu toka mwisho. Aliinuka, akalishusha, akalifuta kwa mkono wa sweta mpaka ile herufi ndogo ikaonekana.

"Ule mwaliko wako wa Jumatatu," alisema. "Ni mzaha au ni kweli?"

"Ulikuwa mzaha miaka kumi na saba," Börje alisema. "Saa kumi na mbili na robo. Ukichelewa nakuacha."

Jumatatu hakuchelewa. Aliteremka gatini na chupa ya kahawa kwapani na boya mkononi. Wanaume waliokuwa kwenye mashua zao walimwona, mmoja akainua kofia, na hakuna aliyesema neno, jambo ambalo kwa watu wa Tångerö ni hotuba nzima. Börje aliondoa mashua polepole. Upande wa mashariki anga lilianza kuwa na rangi ya uji. Walipotoka kwenye mdomo wa bandari, Gråskallen ulionekana mbele yao, mweusi, na mashua nyingine zote zikaelekea huko moja kwa moja.

Börje alipunguza mwendo. "Nikate?"

"Zunguka," Gunvor alisema.

Mzee aligeuza usukani kusini, wakawaacha wenzao, na wao wawili wakawa peke yao kwenye maji mapana. Gunvor alijifunika blanketi, akaliweka boya mapajani. Ilikuwa njia ndefu kweli. Pale kwenye kona, Helge alipokuwa akigeuka kutazama, Börje alimgusa bega na kumwonyesha kwa kidevu.

Gunvor aligeuka. Kule juu ya kilima, nyuma ya gati, aliona dirisha lake. Pazia alikuwa ameliacha wazi, na taa ya jikoni ameiacha ikiwaka. Lilionekana vizuri sana toka huku, mraba mzima wa mwanga. Alitazama mpaka macho yakamwuma, na nyuma ya kioo hapakuwa na mtu.